Bahari iko mlangoni, tangi liko ghorofani

SWALI: Shikamoo mzee. Nimemaliza nyumba ya ghorofa moja hapa Mbezi Beach, Dar es Salaam. Sebule ya juu nataka kuweka tangi la maji ya bahari la futi nane, lenye matumbawe hai na samaki wa rangi. Fundi wa vioo ameshanipa bei. Rafiki yangu ananiambia nisihangaike: bahari ipo mlangoni, nichote maji, nichote mawe na samaki, mwezi mmoja kazi imekwisha. Ni kweli? Na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amesema kweli kwenye jambo moja tu, kwamba bahari ipo mlangoni. Kwenye yaliyobaki amekuingiza chaka.

Nianze na sakafu, maana ukikosea hapo hakuna kurekebisha. Tangi la futi nane kwa kawaida lina urefu wa sentimita 240, upana wa 75 kutoka mbele kwenda nyuma, na kimo cha 60. Zidisha, unapata lita 1,080. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake yamepita tani moja na kilo mia. Vioo vya milimita 15 ni kilo 200 na ushei, mawe kilo 80 hivi, meza ya chuma kilo 100. Halafu lipo tangi la pili linalokaa chini ya meza, la kuchujia, nalo lina lita zake 200 na zaidi. Jumla inakaribia tani 1.8, imekaa juu ya eneo lisilofika mita mbili za mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200 kwa kila mita ya mraba. Wewe unataka kuipa karibu tani nzima, usiku na mchana, miaka kumi.

Sisemi itaanguka. Matangi ya ukubwa huo yapo maghorofani, yakiwa juu ya boriti na karibu na ukuta unaobeba. Ila anayeruhusiwa kusema "weka" ni mhandisi aliyechora nondo za nyumba yako, si fundi wa vioo, wala si mimi. Kama ningekuwa mwenye nyumba, ningelishusha chini. Chini pana zege lililokaa juu ya ardhi, na pana jambo la pili ambalo kwetu ni zito kuliko uzito wenyewe: pana ubaridi.

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukurasa wa vifaa unaanza na hita. Nami nilipoanza nilinunua hita mbili, kwa utii, na mpaka leo ziko kwenye boksi lake. Hapa Dar mwezi wa tatu sebule ya juu, chini ya bati, ina nyuzi 32 mchana, na tumbawe linataka 26, likivumilia 28. Unakumbuka habari za 1998? Maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto mwaka ule wa El Niño, matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi kuanzia Kenya na Mafia mpaka Shelisheli na Maldivi. Joto lililofanya hivyo halikuwa la kutisha kwenye karatasi. Nyuzi moja au mbili juu ya kiangazi cha kawaida, zikikaa wiki kadhaa, zinatosha. Tumbawe linatapika vijimea vidogo vinavyoishi ndani ya ngozi yake na kulilisha, linabaki jeupe kama mfupa, na joto lisiposhuka upesi, linakufa.

Sasa tupige hesabu ya tangi lako. Mfumo mzima, juu na chini, tuseme lita 1,300. Kupandisha maji hayo nyuzi moja kunahitaji uniti moja na nusu ya umeme. Taa na pampu zako zitakula wati 700 kwa pamoja. Hata nusu tu ya umeme huo ikiishia majini kama joto, kila baada ya saa nne maji yamepanda nyuzi moja, na hapo hujahesabu joto la chumba. Feni inayopuliza juu ya maji inasaidia sana, kwa sababu maji yanayovukizwa huondoka na joto. Lakini mwezi wa tatu hewa ya Dar imeshiba unyevu na feni inakuwa kama inapulizia uji. Utahitaji mashine ya kupoza maji, ile ambayo mafundi friji wanaiita chila. Iwekwe nje ya chumba, barazani au nyuma ya ukuta, kwa sababu joto linalotoka kwenye maji inalitema hewani. Nimewahi kuitwa kwa mtu aliyeifungia ndani ya kabati la meza. Chila ilikuwa inapoza maji na kupasha kabati, kabati linapasha maji, na mita ya umeme inakimbia tu.

Na mita ndiyo mahali pa kukaa kidogo. Chila ya wati 900 ikifanya kazi saa nane ni uniti 7. Taa za LED za wati 500 kwa saa tisa, uniti 4 na nusu. Pampu na skima, yaani mashine ya kutoa uchafu majini kwa povu, wati 200 bila kupumzika, karibu uniti 5. Hiyo ni zaidi ya uniti 16 kwa siku, kama 500 kwa mwezi. Ipigie mwenyewe kwa bei unayonunulia LUKU. Bei aliyokupa fundi wa vioo ni nauli ya Mbezi kwenda Mwenge, na safari yako ni ya Mwanza.

LUKU ina ubaya mwingine, nao niliujua kwa kulia. Nilikwenda Tanga msibani, nikakaa siku tatu. Nyumbani hakuna mtu, na mimi sikuangalia mita kabla ya kutoka. Uniti ziliisha usiku wa kwanza. Niliporudi, kufungua mlango tu, sebule inanuka kama soko la Feri jioni. Maji yalikuwa meupe, kama uliyooshea mchele. Kangaja wangu, samaki aliyekuwa wa buluu ya kuumiza macho, amelala ubavu kwenye mchanga, rangi yake ya karatasi. Waliobaki hai ni kaa wawili wadogo, na walikuwa wanamla. Kilichowaua samaki si joto wala njaa. Ni pumzi. Pampu zikisimama, uso wa maji unatulia, hewa haiingii, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Tangi lililojaa samaki halina muda mrefu katika hali hiyo.

Kwa hiyo betri na inveta si anasa ya kuongeza mwakani. Inunue kabla ya samaki wa kwanza, na ujue unaifungia nini. Kwanza pampu moja ya mzunguko, iliyoelekezwa juu ili uso wa maji utikisike. Basi. Ikibaki nguvu, pampu ya kurudisha maji. Taa zisubiri, tumbawe linavumilia giza siku mbili tatu bila kudhurika. Chila isubiri jenereta. Nimeona mtu amefunga taa kwenye betri ili wageni waone, na pampu zimezima.

Tukiwa bado kwenye umeme, kuna jambo lingine linalotokea ukikatika, nalo linahusu sakafu yako mpya. Maji yanapanda kutoka tangi la chini kwa pampu, na yanashuka yenyewe kwa kufurika. Pampu ikizima, bomba lililokuwa linapandisha linageuka mrija wa kunyonya: maji yanaanza kurudi chini kwa njia hiyo hiyo mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Uso wa tangi lako ni sentimita 240 kwa 75, maana yake kila sentimita moja ya kimo ni lita 18, kasoro kidogo ndoo nzima. Kama fundi ameuzamisha mdomo wa bomba sentimita 10 chini ya maji, ni lita 180 zinazoshuka. Tangi la chini lina nafasi ya lita ngapi? Zinazozidi ziko kwenye zulia. Dawa yake ni ndogo mno: mdomo wa bomba ukae karibu kabisa na uso wa maji, na tundu dogo litobolewe kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso huo, livute hewa mara maji yanapoanza kushuka. Tundu hilo lisafishwe kila mwezi, maana konokono hupenda kulala humo. Vali ya kuzuia maji yasirudi usiitegemee peke yake, punje moja ya mchanga inaiacha wazi. Kabla ya kuweka kiumbe chochote, jaza maji matupu, kisha zima swichi kuu na uwashe, mara kumi, huku umeshika tochi na dekio.

Fundi umeme naye afunge RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja, kwenye saketi ya tangi, na kila waya uwe na tumbo linaloning'inia chini ya soketi ili matone yadondokee hapo, yasifuate waya mpaka kwenye plagi. Maji ya chumvi na umeme hayana utani.

Haya, sasa maji. Hapa rafiki yako ana hoja, na wengi wetu wa pwani tumeanza hivyo. Maji ya bahari ya kweli ni mazuri kuliko ya kutengeneza, kama yametoka mahali pazuri. Si ufukweni nyuma ya nyumba, na si karibu na mto. Msimbazi ukifurika masika, maji yote ya upande ule yana tope na chumvi yake imepungua. Chota mbali na pwani, kwa boti, maji yakiwa yanajaa, siku ambayo haijanyesha karibuni. Miezi ya kaskazi bahari ikiwa imetulia ndiyo mizuri. Halafu fanya hesabu ya mgongo: lita 1,300 ni madumu 65 ya lita 20, kila moja lina kilo 20 na nusu. Ukishayafikisha, yapitishe kwenye kitambaa kizito, yakae siku kadhaa gizani ndani ya simtanki iliyofunikwa, vijidudu vilivyomo vife na kutuama. Chota ya juu, ya chini mwaga.

Njia ya pili ni chumvi ya paketi iliyotengenezwa kwa kazi hii, kama kilo 50 kwa kujaza mara ya kwanza. Wapo wanaoniuliza kwa nini wasitumie chumvi ya Bagamoyo, si imetoka bahari hiyo hiyo? Imetoka, lakini haijatoka yote. Kwenye mashamba ya chumvi maji yanapokauka, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha ndiyo chumvi ya kula, na yale maji machungu yanayobaki, yenye magnesi, humwagwa. Kilichomo kwenye gunia ni kitamu kwa ugali. Tumbawe linahitaji hasa vile vilivyoachwa njiani.

Ila maji ya bahari siyo yatakayokusumbua. Yatakayokusumbua ni maji matamu. Tangi lako litapoteza kama lita 10 kwa siku kwa kuvukizwa, na kinachovukizwa ni maji, chumvi haiendi popote. Kwa hiyo kila siku unajazia maji yasiyo na chumvi. Mimi kwenye tangi langu la kwanza nilikuwa najazia maji ya bahari, tena nikijisifu kwamba sitaki maji ya bomba. Tuliweke kwenye tangi lako uone: lita 10 za bahari zina gramu 350 za chumvi. Siku 30, kilo 10 na nusu. Umeanza na gramu 35 kwa lita, mwisho wa mwezi una 43. Langu lilikuwa dogo, kwa hiyo lilifika huko upesi zaidi. Matumbawe laini yalijikunja moja baada ya jingine na mimi nikawa natafuta ugonjwa. Kipimo changu kilikuwa kile cha plastiki chenye mshale, nacho kilikuwa kimegandamana chumvi kikanionesha kila siku kwamba mambo ni shwari. Nunua refraktomita, kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga, na uisawazishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, si kwa maji ya bomba.

Maji hayo matamu yawe safi kweli. Visima vingi vya upande wenu vina chumvi chumvi, maji ya bomba yana klorini na fosfeti. Funga mtambo mdogo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando wa kuchuja chumvi, wenye hatua ya mwisho ya rezini, na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Mtambo unatupa lita tatu au nne kwa kila moja safi, hizo fulia na mwagilia. Maji ya AC yasikutamanishe hata kidogo, najua yanaonekana masafi na ni ya bure. Yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe.

Kuhusu mawe na matumbawe, hapa rafiki yako anakupeleka mahakamani. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu chini ya sheria ya 1994 ya hifadhi za bahari. Hata nje ya hapo, samaki wa mapambo wanataka vibali vya uvuvi. Matumbawe magumu yote, pamoja na mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe, yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kila kipande kinachovuka mpaka lazima kiwe na kibali. Muuzaji akikwambia "usijali", wewe jali. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi au mashamba, vidogo kama kidole gumba. Ni rahisi zaidi, vimeshazoea maisha ya kifungoni, na vinakua. Miamba yetu imekula baruti miaka mingi, haihitaji na nyundo yako.

Jiwe la msingi, lile lisilo na uhai, ni habari nyingine. Wazee wetu walilijua vizuri kuliko sisi. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe ya kale, yaliyochimbwa nchi kavu, ambako bahari iliwahi kufika. Tumbawe bichi kutoka majini lilikuwa laini kwa patasi, ndilo lililochongwa mihrabu na nakshi. Lile la nchi kavu, la machimbo, ndilo unaloweza kulitumia wewe. Chagua lenye matundu mengi na jepesi, lioshe kwa mpira wa presha, liloweke wiki tatu huku unabadilisha maji na kupima fosfeti. Likiendelea kuitoa, achana nalo. Panga mawe yawe na mapango na njia za maji, yasiegemee kioo cha nyuma, na uyakalishe kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga. Samaki wachimbaji wapo, na jiwe lililokaa juu ya mchanga siku moja litakaa juu ya kioo.

Sasa lile la mwezi mmoja. Mwezi mmoja ndio muda ambao tangi linahitaji kukaa na maji bila samaki. Uchafu wa samaki ni amonia, na amonia ni sumu. Lazima waote bakteria wa kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wa kuigeuza nitrati, ambayo inavumilika. Weka kamba mmoja mbichi wa kununua sokoni kwenye kifuko cha wavu, umwache aoze, na upime. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itaifuata, na siku ambayo amonia na nitriti zote zitasoma sifuri ndiyo siku ya konokono, si ya samaki. Huchukua wiki nne mpaka sita. Baada ya hapo mawe yatageuka kahawia, kisha yataota manyoya ya kijani, kisha utando mwekundu kama ngozi. Watu wengi hukata tamaa hapo, au hununua dawa. Usinunue. Punguza saa za taa, fyonza kwa mpira, ongeza konokono, ngoja.

Wakati unangoja, jifunze kuipenda skima. Inasaga hewa kuwa vipovu vidogo sana, mafuta na protini za uchafu vinashikamana na vipovu, povu linapanda na kumwagikia kikombeni. Ukitaka kuielewa, tembea ufukweni siku ya kusi kali, utaona povu la rangi ya chai limerundikana mchangani. Ni kitu kile kile. Nunua iliyopimwa kwa tangi kubwa kuliko lako, na usiache kukimwaga kikombe, ingawa nakuonya kuhusu harufu.

Samaki nitapita haraka, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaisomea kabla ya nyingine. Wachache, wadogo kwanza, wakorofi mwisho. Kangaja mmoja au wawili tangi lako linawabeba, na wanakula mwani. Yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye watoto humtaka kwanza, ni mpole na mgumu kufa, mchukue. Kitatange mwache baharini, wengi wa jamii yake wanadonoa matumbawe, na ukimnyima hayo hufa njaa. Mkunga na chewa watakula wenzao. Kila samaki mpya akae kwanza mwezi kwenye tangi dogo la pembeni lisilo na kitu zaidi ya kipande cha bomba la kujifichia, maana ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi lenye matumbawe huwezi kutia dawa ya shaba humo. Utalazimika kutoa samaki wote, wanaojificha kwenye mapango uliyoyapanga vizuri, na kuacha tangi bila samaki siku 76 ili kimelea kikose wa kumng'ata. Nimefanya mara moja. Kukamata samaki 11 kulichukua siku mbili na kubomoa mawe yote.

Matumbawe laini yaanze, mwezi wa tatu au wa nne. Yale magumu ya matawi yasubiri mwaka. Hayo yanajenga mifupa kila siku, kwa hiyo yananyonya kalisi na alkali kutoka majini, na kazi yako ni kurudisha kile kinachonyonywa. Lenga kalisi miligramu 420 kwa lita, magnesi 1,300, na kipimo cha alkali ambacho wafugaji wanakiita KH kiwe 8. Kisiruke. Tumbawe linazoea 7 na linazoea 9, lakini 7 leo na 9 kesho linachubuka ncha.

Na kitu cha kurudishia ni chokaa. Ndiyo, chokaa, ndugu wa ile ya tambuu. Bibi zetu walichoma matumbawe tanuruni kupata chokaa ya kujengea, sisi tunairudisha majini tumbawe lijijenge upya. Ila tafuta iliyo safi ya daraja la chakula, ya kupaka kuta ina takataka. Gramu moja na nusu kwa lita ya maji ya RO, koroga, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu tu. Unayadondosha badala ya yale maji matamu ya kujazia, tone kwa tone, usiku, wakati ambapo pH ya tangi huwa chini. Angalizo: pH ya maji hayo inapita 12, inachoma ngozi na macho. Lita 10 nzima zinapandisha KH ya mfumo wako karibu 0.9 kwa siku, na vipande vyako vichanga havitaweza kula kiasi hicho, kwa hiyo anza na robo na upime kila jioni kwa wiki mbili.

Tahadhari moja ya afya, hasa kama una watoto. Kuna viumbe laini vya rangi vinavyofanana na vifungo vya shati, vimejipanga juu ya jiwe, vinauzwa sana. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali iliyotambuliwa Hawaii mwaka 1971. Vaa glavu na miwani unapovishika, na usichemshe kamwe jiwe lililotoka kwenye tangi ili "kulisafisha". Watu wamelazwa hospitali, familia nzima, kwa kuvuta mvuke wa sufuria hiyo.

Mwisho, kabla hujampa fundi wa vioo malipo ya awali, chukua futi kamba upime ngazi zako, hasa pale zinapokata kona. Tangi la sentimita 240 likibebwa na watu wanane halikunjiki. Kama bado unalitaka juu, na mhandisi ameridhia, fundi atalazimika kupandisha vioo kimoja kimoja na kugundishia hapo hapo chumbani, silikoni ikae wiki nzima ikauke, kisha mlijaze maji ya kawaida siku saba huku mmetandika magazeti makavu chini yake pande zote. Gazeti linaonesha unyevu mapema kuliko jicho. Na kama mhandisi amekataa, nitumie vipimo vya sebule ya chini na unieleze ukuta upi unapigwa na jua la jioni.